Haraka ya Mjini na Baraka ya Njiani

Wahenga walisema: Haraka haraka haina baraka. Sisi wenyeji wa Lulimba twaifahamu methali hiyo kuliko watu wengine, kwa sababu Baraka kwetu ni mji wa kando ya Ziwa Tanganyika, na katika majira ya mvua mwenye haraka hafiki huko hata kidogo. Njia itokayo Kalemie na kupita kwetu kuelekea Fizi ni ya udongo. Mvua ikinyesha, lori huzama hata tumboni; abiria hushuka wakalisukuma, mwalimu pamoja na mchuuzi wa samaki, mpaka wote wafanane kwa matope.

Kwa hiyo vijana wetu hudhani ya kuwa mahali penye lami dereva yuko peponi. Mwaka 2015 nilikuwa Dar es Salaam, nikimwendeshea motokari mjomba wangu mfanya biashara. Lami nimeiona, ni nzuri kweli. Yaliyo juu ya lami ndiyo nitakayowasimulia.

Jambo la kwanza ni upande. Katika Kongo, kama katika Burundi na Rwanda, magari hupita kuume; Tanzania, kama Kenya na Uganda, hupita kushoto. Kila asubuhi nilijikumbusha kwa sauti, kama katekista afundishaye watoto: “Kushoto, kushoto.” Msicheke, maana kwetu nako kuna vituko. Motokari nyingi zifikazo Kivu kutoka bandari ya Dar es Salaam zina usukani kuume. Basi dereva akitaka kulipita lori, hana budi kumwuliza abiria aliyeketi kushoto, “Je, njia ni nyeupe?” Na pengine abiria huyo amesinzia.

Jambo la pili ni joto. Mwezi wa Januari, mjini humo hata aliyekaa kivulini hutoka jasho. Sembuse aliyefungiwa ndani ya motokari iliyosimama, usukani ukimwunguza vidole kama kikaango. Kutoka Kimara mpaka Ubungo, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na za Mandela na Sam Nujoma, magari yalisimama kama mawe ya ukuta. Wachuuzi walipita madirishani na maji baridi, korosho, leso, hata saa za ukutani. Nami nikajiuliza ni nani anunuaye saa mahali ambapo saa zenyewe zimesimama. Taa ikiwaka kijani hatukwenda, kwa sababu askari mwenye sare nyeupe ameinua mkono. Ikiwaka nyekundu tulikwenda, kwa sababu ameushusha. Mimi nilisali rozari. Matendo ya furaha niliyamaliza Kimara. Ya uchungu yalinikuta Ubungo, na hapo yalikawia sana.

Wakati huo wote honi zililia. Nimesikia honi ikimshtua mzee na kumliza mtoto, lakini sijapata kusikia honi iliyosogeza gari la mbele hata shubiri moja.

Siku moja, tukiwa tumebanwa hivyo, nyuma yangu palikuwa na teksi yenye mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Dereva wake alipiga kelele, hakuna aliyesikia. Ndipo utingo wa daladala, kijana ambaye punde tu alikuwa akitutukana sote, aliporuka chini, akatangulia mbele akigonga vifuniko vya magari: “Mpisheni mama mzazi! Mpisheni!” Huyu akapanda ukingo wa njia, yule akarudi nyuma kidogo, mwingine akakunja kioo chake. Askari akayazuia magari ya pande zote. Katika dakika chache teksi ile ikapita na kwenda zake hospitali.

Nilibaki nikiwaza. Nafasi ile ilitoka wapi? Njia haikupanuliwa, wala hakuna gari lililoruka angani. Nafasi ilikuwapo tangu asubuhi, ila kila mtu alikuwa ameikalia sehemu yake ndogo.

Tangu hapo serikali ya Tanzania imefanya kazi kubwa. Mwaka 2016 mabasi ya mwendo kasi yalianza kupita katika njia yao wenyewe kutoka Kimara, na mwaka 2021 barabara za juu zilifunguliwa pale Ubungo. Lakini kwa hesabu ya mwaka 2022 wakazi wa Dar es Salaam walizidi 5,300,000, na hakuna mhandisi awezaye kujenga daraja la kupita juu ya choyo cha mtu.

Mama Kanisa alilitambua hilo. Mwezi wa Juni 2007 Baraza la Papa lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa maagizo ya uchungaji wa barabarani, na ndani yake mna amri kumi za dereva. Ya kwanza yakataza kuua. Ya nne yatuagiza kumsaidia mwenye shida, hasa aliyepatwa na ajali, kama Msamaria mwema katika njia ya Yeriko. Ya tano yaonya kwamba motokari isiwe chombo cha kuonyesha ukubwa, wala sababu ya dhambi.

Ndugu wanafunzi, msiseme kwamba hayo ni ya miji mikubwa. Siku hizi pikipiki zajaa Misisi na Baraka, na kijana akipata ya kwake huona wapita njia wote kama kuku. Mama arudiaye shambani na mzigo kichwani ana haki ya njia kama wewe. Tusiache desturi yetu ya kusukumana katika matope siku njia itakapokauka.

Kabla ya kuwasha mtambo, fanya ishara ya msalaba. Ukiisha kuifanya, mpishe mwenzako, ili usiwe umeifanya bure.