Nukta Moja na Lenzi Yangu

Kila mwaka huwa nawaandikia juu ya masomo. Safari hii nitawaandikia juu ya kosa langu mwenyewe, kwani baadhi yenu mmeanza kushika kamera, na kosa hili ni rahisi kulifanya.

Jirani yetu mmoja, bibi mtu mzima, alikuwa na daftari la marehemu baba yake: mashairi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Karatasi zilikuwa zimekauka na wadudu wamezitoboa. Kila ukurasa ulipofunuliwa, chembe zilibaki mezani. Bibi alinipa ruhusa ya kupiga picha kurasa zote, akasema, "Maalim, ufunue mara moja tu, mwanangu." Nikakubali.

Nilikuwa na kamera ya kioo niliyoinunua mkononi mwa mtu, pamoja na lenzi ya makro ya milimita 100, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Chumba kilikuwa na mwanga hafifu, kwa hiyo nilifungua tundu la lenzi mpaka mwisho, f/2.8, nikapiga nusu ukurasa kila mara, kamera ikiwa mkononi. Kila ilipolenga ililia "pii", nami niliuamini mlio ule. Nikamwambia Bibi kazi imekwisha.

Usiku nilizifungua picha kwenye kompyuta. Kwenye skrini ndogo ya kamera zilikuwa nzuri. Nilipozikuza, nukta zilikuwa zimevimba na kuungana. Nanyi mnaujua uzito wa nukta. Ba ina moja chini, ta ina mbili juu. Katika mwandiko wa daftari lile "babu" na "tabu" zilikuwa na umbo moja, zikitenganishwa na nukta za herufi ya kwanza tu. Lakini kingo za kurasa za chini, zilizochomoza pembeni, zilionekana wazi kabisa. Kumbe kamera ilikuwa ikilenga nyuma ya pale nilipotaka.

Sababu yake ni hii. Katika kamera ya kioo, mwanga ukishapita kwenye lenzi hugawanyika. Sehemu moja huenda kwenye tundu la kutazamia. Sehemu nyingine hupenya kioo kikuu, hugonga kioo kidogo kilicho nyuma yake, hushuka hadi kwenye kihisi cha kulengea. Picha yenyewe hupokelewa na kihisi kingine kabisa. Njia hizo lazima zilingane kwa urefu. Zikitofautiana kidogo, au lenzi na kamera zisipopatana, kamera italia na picha itakosa. Ukimpiga mtu aliye mbali, hitilafu hujificha. Kwa makro haijifichi: kwa umbali wangu, kina kilichoonekana wazi kilikuwa kama milimita 2 tu. Ukisogea mpaka kitu kiingie kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi, kina hicho hakifiki nusu ya milimita.

Tangu mwaka 2007 baadhi ya kamera za Canon na Nikon zina marekebisho ya jambo hili kwenye menyu, kuanzia -20 hadi +20. Nilifanya hivi. Kwanza, niliiweka kamera kwenye stendi. Pili, nilisimamisha kadi yenye mistari ikiielekea kamera, na pembeni yake rula iliyolala kwa nyuzi 45, sifuri ikiwa usawa wa kadi. Tatu, nililenga kadi, nikapiga, nikavuruga ulengaji, nikalenga upya, mara tano, kwa umbali uleule wa kazi yangu, maana kipimo cha mbali si cha karibu. Kwenye rula, palipokuwa wazi palikuwa milimita 4 nyuma ya sifuri. Kwa kuwa rula imelala, hiyo ni kama milimita 3 za kina. Nikapunguza namba hatua kwa hatua. Ilipofika -13, sifuri ikawa wazi.

Nilirudi kwa Bibi nikiwa na aibu. Nilimwamkia, nikamweleza ukweli wote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi funua, mwanangu. Lakini safari hii utazame."

Mara ya pili niliweka stendi, nikatumia f/8, nikalenga kwa mkono huku nikitazama ukurasa uliokuzwa kwenye skrini. Njia hii hutumia kihisi kilekile kinachopokea picha, kwa hiyo ile tofauti ya njia mbili haipo. Kumbe dawa ilikuwa ndani ya kamera yangu tangu siku ya kwanza. Kamera za siku hizi zisizo na kioo hulenga kwa kihisi hichohicho, na tatizo hili ni nadra kwao.

Picha zilitoka safi. Lakini ukurasa mmoja ulikuwa umebanduka pembe tangu tulipoufunua mara ya kwanza, na pembe ile ilikuwa na neno. Neno hilo limebaki katika picha yangu mbovu peke yake. Nimelikuza mara nyingi. Siwezi kusema kama baba yake Bibi aliandika "babu" au "tabu", na Bibi mwenyewe hakumbuki.

Kwa hiyo wanafunzi wangu, mkipewa kitu cha mtu mkipige picha, pigeni moja, ikuzeni mpaka mwisho, itazameni vizuri. Ndipo mfunue ukurasa wa pili.