Biashara Bila Duka

Soko kuu la Kariakoo liliteketea kwa moto usiku wa 10 Julai 2021. Baada ya miezi michache tajiri wangu, mwenye duka mtaa wa pili, aliwapunguza makarani, nami nikakosa kazi.

Fedha ya kilemba cha chumba cha duka sikuwa nayo. Basi nikapiga picha za vioo na meza za kujipambia kwa seremala wa Keko, nikazitangaza katika simu kwa wasusi na wenye saluni. Mteja hutanguliza nusu, fundi akanunua mbao. Salio hulipwa mzigo ufikapo.

Siku moja kioo kilipasuka mkokotenini, njiani kwenda Ilala. Mke wangu akasema, "Baba, iliyobaki ni kodi ya nyumba." Tukashauriana sana. Mwisho tukanunua kioo kingine, tukamwomba mwenye nyumba atungoje wiki mbili, naye akakubali.

Tangu hapo, katika kila faida natenga fungu la kumi kwa ajili ya vitu vivunjikavyo. Ninyi mtakao kuanza, tengeni kwanza fungu hilo, ndipo mpokee fedha ya mtu msiyeonana naye.