Gari Nalo Liinamishe Macho



Julai iliyopita tulitoka Mombasa kwenda Eldoret kuhani msiba wa upande wa wakwe. Tulikuwa na mama watoto pamoja na binti yetu wa mwisho. Safari hiyo ni ya takriban kilomita 800. Tulilala Nairobi, na kesho yake tukachelewa kutoka, hata Magharibi ikatukuta Nakuru. Tukaswali Magharibi na Isha kwa kuzikusanya, kama ilivyo ruhusa ya msafiri, kisha tukashika njia ya mlimani.

Wiki moja kabla ya hapo tulikuwa tumebadilisha balbu za taa za mbele. Muuzaji alitutolea balbu za LED zenye mwanga mweupe unaoelekea samawati, akatuambia kuwa zitaugeuza usiku kuwa mchana. Tulizijaribu uani, ukuta wa jirani ukang'aa, tukaridhika. Hatukujiuliza ni nani atakayekuwa upande wa pili wa mwanga ule.

Timboroa iko juu ya mita 2,700, na ukungu wake si ule umande wetu wa alfajiri huku pwani. Ulitushukia ghafla. Tukafanya wanalofanya wengi: tukawasha taa kubwa. Mbele yetu ukasimama ukuta mweupe kama maziwa, na barabara ikapotea kabisa. Kabla hatujaziteremsha taa, pikipiki ikatokea mbele yetu, imepakia mwanamke na mtoto. Tuliiona ikiyumba, ikatoka barabarani na kuanguka majanini.

Tulisimama, tukakimbilia. Alhamdulillahi, hapakuvunjika mfupa. Mwanamke alichubuka mkono, na mtoto alikuwa akilia kwa hofu. Kijana mwenye pikipiki alitwambia, "Mzee, barabara sikuiona. Niliona taa zako tu." Mwanamke hakusema neno; alikuwa akimpangusa mwanawe tope. Tuliomba radhi, tukatoa tulichokuwa nacho cha matibabu, tukachukua namba ya simu ya kijana. Tuliporudi garini binti yetu akauliza, "Baba, wameanguka kwa sababu yetu?" Tukamjibu: ndiyo.

Asubuhi tulimtafuta fundi wa umeme wa magari pale Eldoret. Mji ule uko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na ukungu mafundi wake wanaujua. Alitueleza mambo ambayo tungepaswa kuyajua kabla ya kushika usukani.

Ukungu ni matone madogo ya maji yaliyoning'inia hewani. Mwanga ukiyapiga, sehemu yake hurudi machoni mwa dereva. Kwa hiyo taa kubwa, ambayo hutupa mwanga juu na mbali, hukurudishia mwanga mwingi zaidi. Katika ukungu hutumika taa ndogo, pamoja na taa za ukungu ikiwa gari linazo. Taa hizo hufungwa chini, na mwanga wake ni mpana na mfupi, ili upite chini na kuonyesha ukingo wa barabara. Wengine huzipenda za rangi ya manjano, na Ufaransa ililazimisha taa za mbele za manjano hadi 1993. Jicho huenda likaona raha zaidi, lakini penye kazi hasa ni mahali taa ilipofungwa na pembe yake. Ukungu ukiondoka, taa hizo nazo zizimwe.

Kosa letu la pili lilikuwa balbu zenyewe. Taa ya gari letu imetengenezwa kwa balbu ya halojeni, na kiakisi chake kimepimwa kwa mahali unapokaa ule uzi mwembamba uwakao ndani ya balbu. Ukitia LED isiyolingana nacho, mwanga hutawanyika na kuwatia kiwi wanaokuja mbele. Wewe huona karibu yako pameng'aa, ukadhani unaona vizuri, na mbali hujapata kitu.

Fundi alituturudishia halojeni aina ya H4, yenye wati 55 kwa taa ndogo na 60 kwa kubwa. Alituonya tusivutwe na zile za wati 100, kwani huchemsha nyaya na soketi. Balbu hubadilishwa zote mbili pamoja, na kioo chake hakiguswi kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi hukifanya kipate joto lisilo sawa, ikaungua mapema. Kisha akausugua uso wa taa, uliokuwa umefifia kwa jua la pwani, na hapo tu tukapata mwanga ambao tuliutafuta kwa fedha. Mwisho akarekebisha pembe, akatukumbusha kwamba mizigo mizito nyuma huinua pua ya gari, na taa nazo huinuka pamoja nayo.

Tumesomesha miaka mingi haki za njia alizotufunza Mtume (s.a.w.), miongoni mwake kuinamisha macho na kuzuia maudhi. Tulizifasiri kwa waliokaa vibarazani. Usiku ule tulifahamu kwamba gari nalo lina macho, na mwenye kulipanda ataulizwa ameyainamisha vipi.

Mama zetu na dada zetu, msidhani kuwa jambo hili ni la madereva peke yao. Mama watoto alituambia baadaye kwamba alitamani kusema "teremsha taa", akanyamaza kwa heshima. Tunamwomba, na tunawaomba nyote: semeni. Na ukungu ukizidi, mwambieni dereva atoke kabisa barabarani penye nafasi salama, awashe taa za tahadhari, na asubiri. Msiba hungoja.

Kijana yule tulimpigia simu. Amerudi kazini, na ametusamehe. Mwanamke alikuwa abiria tu, hajui anakokaa. Haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake. Hutaka radhi ya mwenyewe. Ya kwake hatujaipata, na kila tunapowasha taa tunamkumbuka.

Wabillahi tawfiq.