Ramani Kabla ya Lokesheni

Waliosoma jiografia kidato cha tatu wataukumbuka uzi. Shiti ya ramani ya kipimio cha 1:50,000 ilitandazwa juu ya madawati mawili yaliyosogezwa pamoja, pembe zake zimechakaa kwa mikono ya waliotutangulia, harufu ya karatasi ya zamani imechanganyika na ya chaki, nasi tukaulaza uzi juu ya barabara nyekundu, tukaufuatisha kila kona na kila daraja, kisha tukaunyoosha kwenye rula na kuhesabu: kila sentimita mbili, kilomita moja. Mito ilikuwa ya buluu na kontua za kahawia, na mwalimu hakuchoka kutukumbusha kwamba zikibanana ujue hapo pana mteremko mkali. Leo simu inakwambia umefika.

Shiti zile zilitoka mbali. Baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege za Lancaster za jeshi la anga la Uingereza, zilizoundwa kubeba mabomu, zilifungwa kamera zikapita juu ya Afrika Mashariki mstari baada ya mstari, na picha zake zikawafikia wachoraji wa idara ya upimaji wa makoloni iliyoanzishwa mwaka 1946. Aliyewahi kuinamia stereoskopu hawezi kuisahau kazi hiyo. Unaweka picha mbili za anga za eneo moja, zilizopigwa kwa kupishana kidogo, unazisogeza kwa ncha za vidole, macho yanauma, huoni ila ukungu wa kijivu, halafu kwa ghafla picha mbili zinakuwa moja na ardhi inainuka: kilima kinasimama, bonde linazama, kila mnazi unatoka kwenye kivuli chake.

Ila picha haikuwa na majina. Ndiyo maana mpima alitoka na msaidizi wake, daftari mkononi, akaenda kijiji kwa kijiji kuwauliza wazee: kijito hiki mnakiitaje, na kilima kile je? Mengine yaliandikwa vibaya, kwa kuwa aliyeandika alikuwa mgeni wa lugha, yakabaki hivyo hadi leo. Hata hivyo mtu alifika, akasimama, akauliza.

Ni wachache wanaojua kwamba ramani ya kompyuta nayo ina mzizi wake Kenya. Karibu na mwaka 1960, kampuni ya Kanada iitwayo Spartan Air Services ilikuwa ikitafuta mahali pa kupanda misitu huko, kazi iliyotaka ramani ilazwe juu ya ramani, moja kwa kila jambo linalouhusu mti, hadi lipatikane eneo linalofaa kwa yote. Kwa mikono ya wachoraji gharama ilionekana kubwa mno, kazi ikaachwa. Mmoja wa wafanyakazi wake, Roger Tomlinson, alibaki na swali: hivi kompyuta haiwezi kuifanya? Serikali ya Kanada ilimpa nafasi ya kulijibu, na katika miaka hiyohiyo ya 1960 ukajengwa kule Ottawa mfumo wa kwanza wa aina yake, wa kukagua ardhi ya Kanada. Swali lilizaliwa kwetu. Jibu lilichukua miaka mingi kurudi nyumbani.

Kisha jicho likapanda juu zaidi. Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ambayo baadaye iliitwa Landsat 1. Ilirudi juu ya eneo lilelile kila baada ya siku 18, na nukta moja ya picha yake ilichukua mita 80, karibu uwanja mzima wa mpira, hivyo nyumba ya mtu haikuonekana kabisa. Mimea ilitoka nyekundu, maji yakawa meusi, na ilibidi macho yafundishwe upya. Mwaka 1975 Nairobi ilipata kituo cha kanda cha upimaji na ramani, na wataalamu wa nchi zetu wakaanza kuzisoma picha hizo wenyewe. Lakini miaka ya 1980, biashara ya picha ilipokabidhiwa kampuni binafsi, picha moja ilifika zaidi ya dola 4,000. Ardhi ni yetu, na picha yake hatukuweza kuinunua! Mwaka 2008 Marekani ilifungua hazina yote bure. Mwanafunzi wa Morogoro leo anaweza kuzipanga picha za Kilimanjaro tangu miaka ya 1970 na kuitazama barafu ikipungua. Kwa hilo nashukuru kwa moyo wote, ingawa anachokiona kinauma.

Hata shiti zile za karatasi hazikuwa za kila mtu, na lazima tuliseme hilo tunapozikumbuka kwa mapenzi. Ramani za serikali zilichora mashamba makubwa na reli kwa uangalifu, huku mitaa ya watu maskini ikiachwa tupu. Vijana wa Kibera walianza kuuchora mtaa wao wenyewe mwaka 2009. Tandale ya Dar es Salaam ikafuata mwaka 2011, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwapeleka wanafunzi wa vyuo kwenye mitaa ya jiji hilo inayofurika, wakitembea na wakazi, simu mkononi, wakiweka alama kwenye mifereji, visima na vichochoro. Ukiniuliza nichague kati ya shiti yangu na ramani ile, nitaichukua ya Tandale. Mafuriko yakija, ina kazi.

Na nilichokipenda zaidi katika ramani ile ni kwamba watu walitembea tena na kuulizana. Setilaiti za sasa zinaona kila paa, la bati na la makuti, na dereva wa bodaboda hahitaji tena maelezo, anasema tu, "Nitumie lokesheni." Lakini isogeze ramani ya simu mbali kidogo na lami, kule ambako mradi haujafika. Njia zipo, mapaa yapo, kijito kinapita katikati, hakina jina. Wazee wanaolijua bado wapo. Kijana mwenye simu aende kuwauliza mwaka huu, na akishaliandika awasomee, wamsahihishe.