Kupiga kelele si kuona

Nilikuwa naunda vigunduzi vitatu vya miuoni, chembe zinazotunyeshea kutoka angani. Miuoni ikipita, plastiki ndani humeta, saketi inalia. Waya na mkanda mweusi nilinunua Luthuli Avenue, nikaviunga nyumbani Kangemi.

Kimoja kililia kuliko vingine. Nikajua ndicho bora, cha kupeleka shule moja ya Kawangware Jumamosi. Kwanza nikakiweka katikati ya wenzake, nikaandika programu: cha juu na cha chini vikilia pamoja, miuoni imepita, je, cha kati kimeiona? Mara 200, kiliona 124. Asilimia 62 tu! Kelele nyingi zilikuwa mwanga wa taa uliopenya mkanda.

Nusura niwaonyeshe watoto taa ya chumbani nikiwaambia ni mbingu.