Mizani Isiyoweza Kujipima



Kila aliyepata kununua mchele au maharage Kariakoo anaifahamu shaka inayomjia mtu pale mshale wa mizani unapotulia. Kilo tunaiona kwa macho, lakini je, ni kilo kweli? Mizani haiwezi kujitolea ushahidi. Ndiyo maana tangu mwaka 2002 tunao Wakala wa Vipimo, ambao maofisa wake hulinganisha mizani ya wafanyabiashara na mawe ya uzito yaliyokwisha kuhakikiwa. Na mawe hayo nayo yamelinganishwa na mengine bora zaidi, hadi kuvifikia viwango vya taifa vinavyotunzwa na Shirika la Viwango Tanzania. Maandiko Matakatifu nayo, katika sura ya 11 ya Mithali, yanaanza kwa neno juu ya mizani. Uadilifu wa sokoni ni jambo la kale.

Juma hili tutafakari juu ya mizani ya namna nyingine, isiyopima unga wala sukari bali masafa ya redio. Tuliiunda wenyewe, pamoja na vijana wanne wa parokia, kwa vifaa vilivyotupwa na wengine.

Chanzo chake kilikuwa shida ya jirani yetu mmoja, fundi redio mwenye kibanda pembeni mwa Jangwani. Si muumini wa parokia, lakini twajuliana hali kila siku. Kati ya kazi zake ni kutengeneza redio za mawasiliano za vyombo vya baharini. Mwenye chombo mmoja alirudi akilalamika kwamba redio yake husikika bandarini, lakini akienda mbali sauti hukwaruza na kupotea. Fundi alikuwa na mashine mbili za kuhesabu masafa, zote za mtumba, na kila moja ikampa jibu lake. “Padri,” alituambia, “nina mashahidi wawili na mmoja ni mwongo. Simjui ni yupi.”

Wapendwa, jambo hili si dogo. Mlango wa 16 wa redio za baharini, ambao dunia nzima huutumia kuitana na kuomba msaada, uko kwenye megahezi 156.8. Mlango unaofuata uko umbali wa kilohezi 25 tu. Redio iliyokengeuka kwa kilohezi kadhaa inaweza kusikika vema gatini, ikashindwa kusikika usiku wa dhoruba kwenye mkondo wa Zanzibar, wakati ambapo ndipo inapohitajika.

Kiini cha mashine zote mbili kilikuwa fuwele ya kwatzi. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha kuwa fuwele za namna hiyo hutoa umeme zikibanwa. Na ukizipa umeme, hutikisika. Mtikisiko huo ndio unaohesabiwa katika saa za mkononi, redio na kompyuta. Lakini kwatzi huathiriwa na joto, na huzeeka. Katika vifaa vya bei nafuu hukengeuka polepole, bila kutoa ishara yoyote kwamba imekengeuka.

Basi tukaingia Kariakoo na Gerezani kutafuta vyuma chakavu. Minara ya simu huhitaji masafa sahihi mno, na teknolojia inapobadilika mitambo ya zamani huondolewa. Hapa kwetu, kwa mfano, TTCL na Zantel walikuwa na mitandao ya CDMA, ambayo vituo vyake hutegemea wakati ulio sawasawa kabisa. Katika rundo la bodi za mitambo ya simu tulipata kijisanduku cha bati kisichozidi kiberiti kwa ukubwa: kwatzi ya megahezi 10 iliyofungwa ndani ya kitanuri chake. Kitanuri hicho huiweka katika joto moja daima, juu ya joto la Dar es Salaam hata la mwezi Februari. Tuliongeza kipokezi cha GPS kutoka katika kifaa cha kufuatilia magari, antena yake, kompyuta ndogo ya chipu moja, na betri ya pikipiki ili umeme ukikatika kitanuri kisipoe. Gharama yote haikuzidi shilingi 150,000.

Kazi ya GPS hapa si kutuonyesha njia. Setilaiti zake, zinazozunguka kilometa zipatazo 20,200 juu yetu, hubeba saa za atomu. Tangu mwaka 1967 sekunde yenyewe imefafanuliwa kwa atomu ya sesiamu: ni mitikisiko 9,192,631,770, si pungufu wala zaidi. Kipokezi chetu hutoa mpigo mmoja kila sekunde kwa kuzifuata saa hizo. Kompyuta huhesabu ni mara ngapi kwatzi imetikisika kati ya mpigo na mpigo, na isipokuwa mara 10,000,000 kamili, huisogeza kwa kuibadilishia umeme kidogo sana.

Hapo ndipo vijana wetu walipokutana na jambo lililotufundisha sote. Mpigo unaotoka angani nao hutetereka, tuseme kwa nanosekunde 50, kwa sababu ya hali ya anga na ya kipokezi chenyewe. Ukiisahihisha kwatzi kila sekunde, utaiharibu, kwa maana utakuwa umeifundisha mitetemo hiyo. Kwa sekunde moja, shaka ni sehemu 50 katika bilioni. Ukisubiri sekunde 1,000, mtetereko ni uleule lakini umegawanywa katika muda mrefu zaidi, na shaka inashuka hadi sehemu 50 katika trilioni. Kwatzi ni tulivu kwa muda mfupi, na saa za angani ni za kweli kwa muda mrefu. Hekima ya chombo hiki ni kuviunganisha viwili hivyo kwa subira: kusikiliza kwa muda mrefu, kisha kusahihisha kidogo. Wazazi na walimu watatuelewa.

Mama mmoja wa jumuiya alituuliza kwa haki kabisa: “Baba Paroko, watu wa bondeni wanahofia mvua, nanyi mnahesabu sehemu za bilioni?” Hatulipuuzi swali lake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa wengi bonde la Msimbazi, na familia zikapelekwa kuanza upya Mabwepande. Kazi ya kuwahudumia walioathirika haingoji kazi nyingine. Lakini maskini naye anadai kipimo cha kweli, pengine kuliko tajiri. Mwenye fedha hununua chombo kipya chenye cheti. Fundi wa kibandani, na baharia anayemtegemea, hulazimika kuamini walichonacho.

Baada ya kukiacha chombo kitulie kwa siku kadhaa, tulimwita fundi alete mashahidi wake wawili. Mashine ya kwanza ilisoma 10,000,003. Ya pili, mpya zaidi kwa sura na yenye tarakimu zinazong'aa, ilisoma 10,000,280. Hiyo ndiyo aliyoizoea. Hesabu haikuwa ngumu: kila redio aliyoirekebisha kwa kuifuata ilikuwa chini ya mlango wa 16 kwa takriban kilohezi 4.4.

Alinyamaza kwa muda. Hakuwa amemdanganya mtu. Alikuwa amedanganywa na kipimo chake. Mwenye chombo aliyelalamika alikuwa mmoja tu, na wengine wasingejua kamwe. Kisha akatoa daftari lake, akatafuta majina, akapata redio nyingine tatu. Alizifuata mwenyewe, akazirekebisha upya bila kudai hata senti, na kila mmoja alimweleza sababu.

Tulidhani tumeunda kifaa cha kuonyesha namba. Kumbe kipimo cha kweli hakiishii kwenye namba. Kikishasema, humdai yule aliyekisikia. Wapo wengi wanaokwepa kulinganishwa kwa sababu hiyo hiyo, wakaridhika na saa yao wenyewe. Jirani yetu alikubali kulinganishwa, kisha akalipa deni ambalo hakuna aliyelidai.

Chombo kingali kwenye rafu ya stoo ya parokia, antena yake ikiwa juu ya bati. Fundi yeyote wa mitaa yetu, wa dini yoyote, na alete mashine yake alasiri ya Jumamosi. Hakuna malipo.

Tunawatakieni Dominika njema.