Saa Nne ya Wilson

Wete, Pemba

Mwanangu Salma,

Huku mvua imetukuta karafuu ziko uwanjani, na shangazi yako kutwa yu mbioni na majamvi.

Ulipokuja Idi uliliacha daftari lako la Kijapani mezani, nami nikalifunua, unisamehe. Ukurasa mzima una herufi moja tu ya kanji, imerudiwa mara arubaini na ushei, mwandiko mzuri kama wa chuoni. Nilipokuuliza yasomekaje, ulicheka tu. Hapo nikamkumbuka Wilson.

Unamjua: yule mwenye duka la rehani London, katika kile kisa cha wenye nywele nyekundu alichokitoa Conan Doyle mwaka 1891, nilichokuwa nikikuhadithia umeme ukikatika. Kwa pauni 4 kwa wiki alikaa wiki 8 akinakili ensaiklopidia, wino wake mwenyewe, akakaribia kuimaliza herufi A, na huku chini ya duka lake watu wanachimba njia ya kuingilia benki. Basi nawe liweke daftari, ukisome kisa hichohicho kwa Kijapani. Aozora Bunko, maktaba yao ya bure ya intaneti, inavyo visa vya Holmes, mpelelezi wa Conan Doyle, vilivyofasiriwa.

Mwizi unamjua tayari, kwa hiyo akili yote itabaki kwenye maneno. Na mpelelezi haachi kuuliza: dare, doko, itsu, naze. Nani, wapi, lini, kwa nini. Hata kurasa kumi hazijesha, yatakuwa yako. Mwendo wenyewe wa visa hivi si mgeni kwako; umekua na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, wa Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, aliyetutolea Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960.

Lakini chunga saa. Mimi kisa hiki nilikisoma kwa Kiingereza nikiwa kijana, nikaona Wilson anakaa ofisini kuanzia kumi mpaka mbili. Nikazisoma kwa saa zetu: saa kumi alasiri mpaka saa mbili usiku. Ni saa nne vilevile, kwa hiyo hesabu haikunigutusha. Nikamaliza kitabu nikiamini wezi walichimba jioni jioni, tena nikabishana na mwalimu mbele ya darasa zima! Wajapani nao huhesabu kama Waingereza. Ukikuta juuji kara niji made, ni saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Katika kisa cha upelelezi saa ndiyo ushahidi.

La pili ni makonyo. Naona unazikodolea macho kanji, na vile vijiherufi vya hiragana vinavyofuata nyuma unavipita, kama mchambuaji anayebakisha karafuu na kutupa konyo. Pale Wawi kuna kiwanda kizima kinachotoa mafuta ya makonyo, mwanangu. Mita, aliona. Minakatta, hakuona. Kanji ya mbele ni ileile moja. Kukanusha kote kumo mkiani. Sisi shahidi akianza tu kitenzi na "si-" au "ha-" tumeshajua anakana. Mjapani atakutembeza sentensi nzima, akutajie mtu na mahali na wakati, na kama aliona au hakuona utajua mwishoni kabisa. Ndiyo maana naona upelelezi umeikaa lugha ile vizuri kuliko hata Kiingereza. Soma mpaka nukta, ndipo uamue.

Matamshi sina hofu nayo. Irabu zao tano ni a, i, u, e, o, kama zetu, na Watson, rafiki wa Holmes, wamemfanya Watoson, kama sisi tulivyoifanya "blanket" ya Waingereza kuwa blanketi.

Ukurasa mmoja kwa siku unatosha. Kamusi usiifungue mpaka neno likuzuie mara tatu.

Ukiifikia ile sentensi ya saa, nipigie unisomee. Shangazi anakusalimu, na anasema lile beseni ulilochukua Idi alirudishiwe.

Ami yako